Yaya, Geuka!

Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, pikipiki yenye kipaza sauti ilipopita kwenye avenue yetu. Festivali ya sinema imefika Kamina, ilitangaza, filamu za mambo ya kweli tupu, tena zote za bendi za rock, Jumamosi saa kumi, kwenye sale, ukumbi mkubwa wa shule. Mimi sikujali. Rock na Kamina, wapi na wapi? Kisha kipaza sauti kikataja orchestre moja, bendi ya vijana wa Likasi, ya zamani zile za patalo, suruali zilizo pana miguuni. Mama akauacha mwiko umesimama ndani ya sufuria.

"Iko orchestre ya yaya," akasema.

Yaya ni kaka yake mkubwa, mjomba wangu, aliyepiga gitaa kabla sijazaliwa na akafa kijana, kwa homa. Picha zake zote zilibaki Likasi wakati sisi wenye asili ya Kasai tulipofukuzwa kule, tukapanda treni na masufuria na godoro moja, tukashukia hapa. Tangu hapo picha ya mjomba ni mimi. Ndiyo, mimi! "Weye uko na pua yake," mama huniambia tangu utoto, na wageni wakija naitwa nisimame waione. Leo mimi ni mwalimu, nina watoto wakubwa, na bado nasimamishwa!

Siku ile akanishika mkono palepale jikoni.

"Minyi nasahau sura yake," akasema polepole. "Nafunga macho, naona nguo tu. Kama Jumamosi simuone, basi, njo imeisha."

Nikamwambia tutakwenda, hata mvua ya mawe inyeshe.

Hatukwenda wawili. Kwaya yake yote ya Kimethodisti ilikuja, kitenge kimoja, vilemba vimekazwa. Kwao hii haikuwa sinema: mwenzao anakwenda kumwona mfu wake, na kwa mfu mtu hasindikizwi na mtoto peke yake. Wake za askari wa Base, kambi ya jeshi, walikuwa wameazima mablanketi ya jeshi ya kuziba madirisha. Ukutani mbele zilining'inia shuka mbili zilizoshonwa pamoja.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya Wazungu wenye nywele hadi kiunoni. Mmoja akapiga magoti, akapiga yowe.

"Huyu banamufanya nini?" akauliza mama mkubwa wa kwaya.

"Hakuna, mama. Anaimba."

"Ah! Nilifikiri tumbo linamuuma."

Lakini kufika wimbo wa tatu mguu wake ulikuwa unapiga sakafu, na sikuthubutu kumtazama nisije nikacheka.

Kisha ikaja yetu. Vijana wembamba, mashati meupe, gitaa za umeme, watu wanaruka hadi vumbi linapanda. Na mpiga gitaa ametupa mgongo! Shati limemganda kwa jasho, bega moja juu.

"Ni yeye!" mama akanifinya. "Bega lile!"

Wimbo ukaisha, mgongo. Wimbo wa pili, mgongo tena. Mpiga picha akatuonyesha wachezaji, meno ya mwimbaji, hata chupa juu ya meza. Chupa! Mjinga gani huyu? Nilitamani kumzaba kofi.

Mama akasimama. "Yaya, geuka!"

Kwaya ikamwitikia: "Geuka! Geuka!" Sale nzima ikashika, makofi, vigelegele, wake za askari wanagonga viti. Na kweli, akageuka! Uso mzima, anacheka, jasho linametameta.

Sasa, kwetu mwanamuziki akitoka jasho la namna ile humwachi hivihivi. Unachukua kitambaa, unapanda, unampangusa paji la uso mbele ya watu wote. Mama hakufikiri hata kidogo, wala hakungoja kumtazama vizuri. Alishafika mbele, kitambaa mkononi, anapangusa shuka.

"Mama, toka! Uko unamufunika!" watu wakampigia kelele.

Mwanga wote ulimpiga yeye. Uso wa yaya ulikuwa mgongoni kwake, juu ya kitenge na kilemba, na sale nzima ilimwona isipokuwa mama. Mbele ya macho yake kulikuwa na kivuli chake tu. Aliposogea, wachezaji walikuwa wamerudi.

"Ameenda wapi?" akauliza. Kitambaa kilikuwa kikavu.

Sijawahi kupiga kelele namna ile maishani. "Rudisha! Rudisha filamu!" Fundi wa mashine, aliyetoka Lubumbashi, akasema festivali hairudishi nyuma. Mama mkubwa wa kwaya akaenda kusimama kando yake, mikono kiunoni.

"Papa," akamwambia. "Rudisha."

Akarudisha. Tena akaisimamisha palepale yaya alipogeuka. Mama wawili wa kwaya walimshika mama yangu mikono, asiondoke kwenye kiti. Akatazama, akatazama. Kisha akanigeukia mimi, kisha akarudi kwa yaya.

"Pua si hiyo," akasema. "Yake iko ndogo! Yako iko ya baba yako."

Jamani, miaka yote ile nasimamishwa mbele ya wageni! Kicheko kikanitoka, sikuweza kukizuia, na mstari mzima wa kwaya ukaangua nami. Mama akanikamata kidevu, akaupeleka uso wangu kwenye mwanga wa shuka, macho yake yanakwenda kwangu, yanakwenda kwake.

"Kicheko njo hiyo," akasema. "Usifunge kinywa. Cheka tena."