Chokaa Niliyomwaga kwenye Nyasi za Mama Ngalula

Nimeandika kisa hiki polepole, kwa sababu aibu yake bado haijanitoka.

Katanga ilikuwa imejitenga, na askari walikuwa wakiingia katika nyumba zilizoonekana kuachwa. Mama Ngalula, mjane niliyemtunzia bustani katika mtaa wa Bel-Air, alinionyesha nyasi za mbele ya nyumba, zilizokuwa zimegeuka manjano.

"Mutoto, ukiacha vile, batazania hapa hapana bantu."

Nilikuwa nimesikia kwamba udongo mchachu hutiwa chokaa. Katika stoo ya majembe nikakuta mfuko wa chokaa, umefungwa vizuri. Niliona haya kuuliza. Nikaumwaga wote, nikachanganya na udongo, nikanyunyiza maji. Hata nilijisifu kwamba chokaa yangu haikuniunguza mikono.

Asubuhi kuku wa jirani walijaa pale, wakidonoa. Mama akatoka na watoto wake.

"Ni chokaa tu, Mama," nilisema.

"Chokaa gani kuku banakula?" Alikimbilia stoo, akarudi na mfuko mtupu. "Nilificha humu unga wa kupika bukari, askari basiuone. Hatuna ingine."

Mtoto wake mdogo alichuchumaa kati ya kuku, akaanza kuchota matope kwa kikombe chake.