Nilivyomwinua Shemeji Kitini

Marehemu mume wangu alikuwa mchonga vinyago. Kiti pekee alichowahi kujichongea kilichukuliwa nyumbani kwetu Mbotela Jumamosi ya pili ya Machi, siku iliyofuata mazishi, waombolezaji wakiwa bado wanakunywa chai. Aliyekichukua ni mdogo wake.

"Shemeji, mwanamke hakalii kiti cha mume," alisema mbele yao wote, akakipandisha kwenye mkokoteni.

Sikulia. Niliikariri tarehe.

Alikipeleka Kariobangi, katika kibanda chake cha gemu za video, akakifanya kiti cha bingwa. Bingwa alikuwa yeye. Vijana walijibana kwenye benchi, naye kila alipomshinda mmoja wao alitangaza: "Atakayeniangusha aende na kiti kwake!" Habari hizo zilinifikia mwezi wa Mei, na tangu hapo sikutaka kitu kingine duniani.

Gemu yenyewe ilikuwa na sura mbili. Kwanza ni ubao wa miraba kama wa drafti, kila mchezaji akisogeza askari wake na mfalme wake kwa zamu, bila haraka. Askari wawili wakikutana katika mraba mmoja, ubao hutoweka nao hufyatuliana risasi papo hapo. Hapo ni wepesi wa vidole tu kwenye pedi ya kuchezea. Anayeuliwa mfalme ameshindwa.

Kila Jumatano, kuanzia Juni hadi Oktoba, nilikwenda Huruma, katika kibanda ambako hakuna aliyenijua.

"Mathe, vidole vyako vimelala," vijana wa huko waliniambia, na walisema kweli. Lakini mimi nilijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la ngumbaru, na aliyechelewa kusoma hasomi kwa kuruka. Nilisoma kila neno lililotokea kwenye skrini, nikagundua jambo ambalo wao hawakulijali: majeraha hayaponi. Mshindi wa pambano hurudi ubaoni na uhai ule ule uliombakia. Na shemeji, kwa jinsi nilivyosikia, alipenda kupigana kwa mfalme wake mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye bunduki kubwa na ndiye aliyeshangiliwa.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba niliingia kibandani kwake nimevaa nguo niliyomzikia mume wangu.

"Niaje, mathe? Umepotea njia ya sokoni?" kijana mmoja aliuliza. Benchi nzima ikacheka.

"Nimekuja kucheza na shemeji. Kiti bado ni cha atakayekuangusha?"

"Bado," alijibu, akijinyoosha juu yake. "Lakini hii si ngumbaru, shemeji. Hakuna mwalimu wa kukushika mkono."

Nilimtolea askari wa kwanza. Mfalme wake akamuua, lakini askari wangu alikufa baada ya kumpiga risasi moja. Nikatoa wa pili, kisha wa tatu. Kila zamu yangu niliitumia kwa ukamilifu, nikiutazama ubao hadi akaanza kutikisa mguu.

"Unasali au unacheza?"

"Nacheza, shemeji."

Alishinda kila pambano, na kila aliposhinda aligeukia benchi apigiwe makofi. Hakuutazama hata mara moja ule mstari mwekundu wa uhai wa mfalme wake, uliozidi kufupika. Mimi sikutazama kingine. Utamu wa dakika zile sijauonja tena.

Hatimaye uhai wa mfalme wake ulibaki wa risasi moja tu. Askari wangu wa mwisho aliifyatua kwa uzito wa vidole vyangu vilivyolala, na mfalme akaanguka.

"Pedi imekwama!" shemeji alifoka. "Turudie!"

"Haijakwama, bingwa," sauti ilitoka kwenye benchi. "Ulisema mwenyewe. Inuka!"

Aliniinamia, akashusha sauti. "Shemeji, kweli mbele ya watu hawa?"

"Ulikichukua mbele ya watu."

Akainuka. Nilikuwa nimekodi mkokoteni, nikamwacha akipakie mwenyewe.

Siku hizi huja kunisalimu kila Krismasi. Mimi hukaa kitini. Yeye nampa stuli ya jikoni, ile fupi, na chai namletea baada ya wageni wengine wote.