Nyuzi Bapa za Kiongozi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa nifute chumvi. Hoteli ilikuwa Diani, hatua chache tu kutoka ufuoni, na upepo wa bahari ulikuwa ukila kila chuma cha bendi. Nilikuwa nimetoka Bongwe na cheti cha darasa la nane. Kiongozi wa bendi, mzee wa Msambweni aliyepiga gitaa la besi, aliitikia shikamoo yangu akaniuliza nataka nini maishani. Nikamwambia nataka kupiga gitaa mbele ya maelfu.

"Vyema. Anza na funguo," akasema, akinionyesha vile vikono vya kukazia nyuzi. "Hao maelfu watakusubiri."

Nilikaa pale miaka saba, kwanza fundi wa vyombo, baadaye mpiga gitaa la pili. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaochagua nyuzi kwa kutazama video.

Nyuzi za besi za kawaida zimezungushiwa waya wa mviringo. Ukipitisha kidole unasikia mikwaruzo, na sauti yake hung'aa. Nyuzi bapa zimezungushiwa utepe wa chuma uliolazwa, laini kama ubapa wa kisu, na sauti yake ni nzito, fupi, inakaa chini pamoja na ngoma. Besi la hoteli lilikuwa la mtindo wa zamani, na nyuzi zake bapa zilikuwepo kabla sijaota ndevu.

Siku moja katika mazoezi uzi mnene ulikatika kwa kutu. Tukafunga nyuzi za kawaida kwa muda. Kiongozi alikuwa na maradhi ya viungo. Kwa mikwaruzo ile vidole vilimvimba, akaanza kuchelewa nyuma ya ngoma. Meneja wa burudani, kijana wa bara, alisikia.

"Jumapili nakuja kuskiza kwa lunch," akatuambia. "Kama besi itakuwa hivi, Mzee tutampumzisha. Kinanda kitashika hiyo kazi."

Kiongozi alijibu, "Haya, mwanangu," akaendelea kufunga mkanda wa gitaa. Mimi ndiye niliyeshindwa kula siku hiyo.

Nikatumwa Mombasa kutafuta nyuzi bapa. Niliupima ule uzi uliokatika, nikachagua bapa zenye unene uleule. Tulipozifunga, sauti ilikuwa tamu hata mpiga ngoma akacheka peke yake. Kiongozi akapiga nyimbo mbili, kisha akauficha mkono chini ya paja.

"Sauti ndiyo yenyewe," akasema.

"Basi tumepata, Mzee?"

"Umechagua kwa masikio yako, kijana. Vidole ni vyangu."

Ndipo akanifunza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye pakiti. Unene hausemi yote. Ndani ya uzi mna waya wa kati. Ukiwa mgumu, kidole ndicho kinachoumia, na ukiwa mwembamba, uzi hulegea chini ya kidole hata kama kwa nje unaonekana mnene.

Jumamosi nilivuka tena kivuko cha Likoni. Dukani niliomba pakiti zifunguliwe, nikaukunja kila uzi kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kwa kuwa ndicho dhaifu kuliko vyote.

"We, wapima nyuzi ama wapima homa?" muuzaji akaniuliza.

"Homa," nikamjibu. "Mgonjwa yuko Diani."

Jumapili Kiongozi alipiga tangu supu hadi matunda. Meneja alisimama karibu na spika, akasikiliza nyimbo tatu, akasema, "Hiyo sasa ni sawa. Endeleeni." Mimi niliutazama mkono tu. Haukwenda chini ya paja.

Alipiga misimu miwili zaidi, akaacha kazi siku aliyoichagua mwenyewe. Mchana ule alizilegeza nyuzi zote nne, akazikunja, akazitia mfukoni. Mpiga ngoma akamtania: "Kiongozi, waiba mali ya hoteli!"

"Gitaa ni la hoteli," akajibu. "Hizi zilichaguliwa kwa ajili ya mkono wangu."

Mwaka uliofuata kinanda kilikuja kweli, nami nikastaafu bendi kabla ya kufika thelathini. Wenzangu hulicheka neno hilo. Sasa nina meza ya ufundi Ukunda, na wale maelfu bado nawangoja, sijakata tamaa. Mtu akiingia kuulizia nyuzi bapa, hunitajia besi lake, rangi yake, hata mwaka wake. Namsikiliza mpaka amalize. Kisha namwambia, "Nipe mkono kwanza."