Siku Ngoma Ilipoita Kamio

Simu ya mjukuu wangu hailii. Inatetemeka tu juu ya meza kwa mngurumo mdogo wa chini, na kila ikianza mimi nashtuka na kutaka kusimama. Yeye hunicheka. “Koko, kaa tu, iko bipu.” Neno hilo halikuwepo nilipomzaa mama yake, na leo hata muuza mihogo wa hapa Kasongo analitamka kana kwamba alizaliwa nalo. Sibishani naye. Lakini mngurumo ule, jamani, unanirudisha mbali, kwenye barabara ya Kabambare, upande wa Wamaza, wakati wa Wabelgiji. Unanirudisha kwenye asubuhi nilipoizunguka nyumba yetu mpaka nyayo zikawaka moto, mama yangu akiwa ndani anakufa, nami nasikilizia gari.

Magari yalikuwa machache. Kijijini kwetu tulilijua zaidi lori la Mgiriki aliyenunua mpunga, ambalo lilipita msimu wa mavuno. Wakubwa waliliita kamio, neno walilolichukua kwa Wazungu na kulichuja kidogo. Sisi watoto tulilipokea pamoja na ukoo wake mzima. Mtu mnene akawa kamio. Mzee akitua mzigo njiani apumzike, tulinong'onezana kwamba amepata pane, yaani ameharibika. Ukitaka mwenzio akimbie, ulimwambia atie vitesi. Tena tulikuwa na wimbo, ambao watoto wa barabara nzima, wa kwetu na wa ng'ambo ya bonde, waliuimba wakilifukuza lori ndani ya vumbi:

Nyama wa mavumbi,
kula mafuta,
tapika watu!

Nyama, kwetu, ni mnyama yeyote. Ulikuwa wimbo wa kipuuzi. Sauti ilipanda mwanzoni, ikaanguka kwa kishindo kwenye “tapika watu”, na hapo tulijibwaga chini tukicheka mpaka mama zetu watutishe kwa fimbo.

Aliyeuchukia wimbo huo kuliko wote alikuwa baba mkubwa, kaka wa baba yangu. Ndiye aliyekuwa mpigaji wa ngoma ya kijiji. Sisemi ngoma ya ngozi ya kuchezea, nasema ile ya gogo lililochimbwa tumbo, yenye mdomo mwembamba mgongoni, ile inayozungumza. Sauti yake ilifuata kupanda na kushuka kwa maneno ya Kibangubangu. Na kwa kuwa maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa, kila kitu kwenye ngoma kilipewa jina refu ili watu wasikosee. Mwezi ulikuwa na sentensi nzima. Msiba ulikuwa na yake, na mwanamke aliye kwenye uchungu wa kuzaa alikuwa na yake. Majina hayo yalirithiwa, na wapigaji wa vilima vyote vya jirani waliyajua vilevile, bila nyongeza wala pungufu.

Baba mkubwa aliyalinda majina hayo kama mkulima anavyolinda mbegu. Alikuwa mtu wa majivuno, aliyevaa koti la sufu hata kwenye jua la saa saba, na uani kwake maneno kamio na kinga, ndiyo baiskeli, yalikuwa marufuku. Alipenda kutukumbusha kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Alikuwa pia na msemo wake mwenyewe: “Kitu kisicho na jina ku ngoma, hakijafika kwetu.” Kamio lilikuwa likipita mbele ya mlango wake na kumjazia vumbi kwenye koti, naye anashikilia kwamba halijafika.

Msimu ule baba alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, na mama alikuwa mjamzito. Uchungu ulimshika jioni. Kulipokucha mtoto alikuwa bado hajatoka, na bibi, mama wa mama yangu, aliyekuwa amezalisha nusu ya kijiji, alitoka ndani akaketi kizingitini bila hata kunawa mikono. Hapo ndipo woga uliponiingia, kwa maana bibi hakuwa mtu wa kuketi kazi ikiwa haijaisha.

“Huyu anatakiwa kwa munganga wa Kasongo, kule hospitali,” alimwambia baba mkubwa. “Mimi nimefika mwisho.”

Kumbeba mgonjwa kwa machela mpaka Kasongo ilikuwa safari ya kulala njiani, na kila mtu alijua mama hangeuona usiku mwingine. Lakini watu waliotoka shamba walisema lori la Mgiriki liko kijiji cha ng'ambo ya bonde, linapakia mpunga. Likijaa lingeelekea Kabambare, likituacha nyuma. Kijana mwenye mbio alitumwa, ila njia ya mkato ilikuwa na kinamasi na barabara ilizunguka mbali, na asingefika kabla ya adhuhuri, lori likiwa limekwisha kuondoka. Ikabaki ngoma.

Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka nyumba, nikaenda barabarani, nikarudi. Baba mkubwa alipiga jina refu la mwanamke aliye kwenye uchungu, akaomba msaada. Ng'ambo wakajibu upesi, na sote tukasikia: mkunga wao anashuka bondeni. Watu wakaguna. Mkunga tulikuwa naye. Akapiga tena, akaongeza kwamba kuna mgonjwa wa kusafirishwa. Wakajibu kwamba wabebaji wa machela wanakuja. Maneno ya zamani yalituletea msaada wa zamani, na mama ndani alikuwa ameacha kupiga kelele, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kelele zenyewe.

“Uwaambie kamio,” alisema bibi.

“Niwaambie namna gani, mama? Ku ngoma haina jina. Nikitunga yangu, nani ataisikia?”

Baba mkubwa akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kigoda. Sikuwahi kumwona bila koti. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Akashika miti yake miwili, akaupiga wimbo wetu.

Nyama wa mavumbi, kula mafuta, tapika watu. Kwenye ngoma ya kijiji, ya kutangazia vifo vya machifu, ukasikika vilima vyote. Mwanamke mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili. Vijana wawili walicheka kwa kihoro, wakanyamaza. Mimi nilimchukia. Niliona anafanya mzaha wakati mama yangu anakufa, au woga umemtia wazimu na sasa anapiga chochote, na nilitaka kumnyang'anya miti ile. Yeye hakutazama mtu. Alipiga jina la mwanamke aliye kwenye uchungu, akapiga wimbo, akapiga njia ya Kasongo; halafu akaanza tena, jasho likimtiririka, uso umekunjwa kama mtu anayemeza dawa ya kwinini.

Ng'ambo kukawa kimya. Nilienda barabarani nikarudi, nikaenda nikarudi. Ndipo ngoma yao ikaamka, polepole, kama mtu asiyeamini alichosikia, ikaurudisha wimbo wetu mpaka ile sehemu ya kuanguka. Na jua lilipopanda kidogo, nikasikia mngurumo.

Walimlaza mama juu ya magunia ya mpunga, bibi akapanda pamoja naye, lori likageuka kuelekea Kasongo. Watoto tulilifuata ndani ya vumbi, na hakuna aliyeimba. Mama alirudi baada ya majuma kadhaa na mdogo wangu wa kiume, ambaye kijiji kizima kilimwita Kamio hata mchungaji alipokataza. Sasa ni babu, na bado anaitika.

Baba mkubwa hakusamehewa upesi. Wapigaji wa vilima vingine walimfanyia kejeli. Akitokea kwenye matanga, mmoja wao aligonga “tapika watu” kwa kidole, wenzake wakaangalia chini kuficha kicheko. Yeye alipita na koti lake. Miaka ikaenda, na ngoma zote za upande ule zikawa zinaita lori kwa wimbo wetu, na wapigaji vijana wakaapa kwamba jina hilo ni la mababu. Mimi niliendelea kuamini kwamba siku ile alipiga kwa kuchanganyikiwa tu, na gari likaja kwa bahati.

Mpaka nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza. Niliogopa, silali, sikai, nazunguka nyumba vilevile. Mama akanivuta nikae karibu naye, akanisimulia kwamba siku ile alikuwa amekwisha kugeukia ukuta. Ndipo alipoisikia ngoma ya shemeji yake, mtu ambaye kwa heshima hakuwahi hata kumtazama usoni.

“Nikasema ndani ya roho,” alisema mama, “kama ule mwanaume anakubali kujiaibisha mbele ya vilima vyote juu yangu, mimi nitakufa namna gani?”