Mtaa Usio na Watoto

"Mtu asiye na mtoto anataka mtaa wa nini?"

Karani wa nyumba aliniuliza hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayemuuliza kuku anataka kitana cha nini. Nilikuwa nimetoka chuoni Kampala na shahada mpya, na kule nilisifika kwa kutokosa jibu. Mhadhiri akisema jua linachomoza mashariki, mimi nilitaka kujua amelipima lini. Lakini mbele ya meza ya yule karani wa Nakuru nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaangalia viatu vyangu. Mtaa wa nini, kweli? Mwenye watoto anataka shule iwe karibu, anataka majirani wa kumwangalizia, anataka uwanja. Mimi nilitaka nini? Nilitaka kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho.

"Nataka mahali pa kukaa," nikasema.

"Kila mtu anataka mahali pa kukaa. Nimeuliza mtaa."

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya pale mjini na kuishi kwa dada yangu, kwenye nyumba za reli. Dada alikuwa na watoto sita. Niliwapenda, na kwa sababu nilitaka kuendelea kuwapenda, ilinibidi nihame. Wa tatu alikuwa amekula sehemu ya kamusi yangu. Wa nne aliamini mgongo wangu ni ngazi. Wa sita, aliyekuwa bado anatambaa, alikuwa na tabia ya kuja kimya kimya chini ya meza na kuniuma kidole cha mguu ninaposahihisha madaftari, ndiyo maana wanafunzi wangu wengi walipata alama zenye mkwaruzo.

Watoto wa kwangu mwenyewe sikuwataka. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa makini nikaona hivyo, na nilipoulizwa nilijibu hivyo. Hakuna aliyeniamini. Nilipowaambia watu "sitaki", walitikisa kichwa kwa huruma wakasema, "Mungu atakujalia."

"Wewe unafikiri watoto ni moshi," dada aliniambia, "mtu afunge dirisha wasiingie."

"Nitatafuta mtaa ambao hawapo."

"Katika Kenya hii?"

"Umewahi kuhesabu mtaa kwa mtaa?"

"Sina haja ya kuhesabu. Nina pua."

Ingekuwa ni mzaha tu wa ndugu wawili kama baba asingeandika barua. Baba alikuwa nyapara kwenye kiwanda cha mbao huko Elburgon, na barua zake zilikuwa fupi kama mbao zilizokatwa vibaya. "Mwezi huu ukiisha hujapata mahali pako pa heshima, panda lori la mbao urudi. Misheni ya hapa inatafuta mwalimu. Chumba chako kipo." Chumba changu nilikijua. Nilikuwa nalala humo pamoja na nyanya yangu mzaa baba na magunia saba ya viazi, na kati yao viazi ndivyo vilivyokuwa na adabu usiku. Kurudi Elburgon kulikuwa ni kurudi kuwa binti wa watu, wa kutumwa kuni na kuulizwa ameolewa lini. Kwa hiyo nilikuwa na siku kumi na tisa za kupata chumba, au basi.

Nikaamua kufanya utafiti.

Nilinunua daftari jeusi lenye mistari, nikachora safu: idadi ya milango, idadi ya watoto wanaoonekana, idadi ya nepi kwenye kamba, umbali wa bomba la maji. Jumapili baada ya ibada nilivaa sketi yangu ya kijivu na miwani, nikatoka. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, watu wanasimamishwa njiani waonyeshe karatasi, na mimi napita katikati ya mistari ya nyumba nikihesabu kwa penseli. Halikunijia kabisa wazo kwamba na mimi naonekana. Mtafiti hujiona kama upepo.

Mtaa wa juu ya reli ulinishinda kabla sijafika katikati: watoto wanne kwa mlango, na mmoja akaniomba penseli, nikampa moja, akakimbia nayo. Mtaa wa nyuma ya soko ulikuwa afadhali kidogo, lakini nepi zake zilipepea kama bendera siku ya gwaride. Halafu nikateremka upande wa ziwa, kwenye mstari wa mwisho, ambako vumbi jeupe la magadi huingia hata kwenye chai.

Nilipokaribia, nikasikia mwanamke akipaza sauti: "Mahindi yanaungua!"

Mwingine akaitikia kutoka ndani: "Mahindi yanaungua!"

Na wa tatu, mbali zaidi: "Mahindi jamani!"

Nikaandika: *Wapishi wazembe.* Kisha nikaingia kwenye ule mstari, na nawaambia ukweli, nilihesabu mara mbili. Milango tisa. Watoto, sufuri. Nepi, sufuri. Kamba zilikuwa tupu, zinatikisika ingawa hapakuwa na upepo, na jambo hilo sikuliandika kwa sababu halikuwa na safu yake. Wanawake walikuwa wameketi milangoni wamekunja mikono kama wageni kwenye picha.

Nikamsalimia aliyekuwa mkubwa wao, mama wa nambari moja, mwenye kitambaa cha kichwa cha manjano.

"Mama, hapa kuna watoto wangapi?"

"Watoto?" Akatafakari, kama mtu anayejaribu kukumbuka neno hilo aliwahi kulisikia wapi. "Hapa hakuna watoto."

"Hata mmoja?"

"Sisi ni watu wazima tu."

Nikauwekea mtaa ule nukta nyekundu mbili, alama ya juu kabisa katika daftari langu. Kesho yake nilikuwa kwa karani kabla hajafungua dirisha. Chumba nambari tisa, cha mwisho kabisa, kilichopakana na ua wa michongoma, kilikuwa wazi. Karani hakupenda. Mwanamke peke yake, alisema, huleta maneno. Nilibishana naye mpaka chai yake ikapoa, na nafikiri alinipa ufunguo ili anywe nyingine ikiwa moto.

"Mwezi mmoja wa kukujaribu," alisema. "Ofisi ikisikia umetuongopea au umevunja sheria hata moja, huu ufunguo unarudi hapa siku hiyo hiyo."

Ufunguo ukirudi kwake, mimi narudi kwa viazi. Nilimwelewa.

Nilihamia Jumamosi na kitanda, meza, jiko na sanduku la vitabu juu ya mkokoteni. Mama wa nambari moja alinipokea kwa sauti ya chini sana.

"Mwalimu, na lile daftari umekuja nalo?"

"Siwezi kuishi bila daftari, mama."

Akawageukia wenzake, wote wakaangalia chini. Nikaona: watu wanaoheshimu elimu!

Jumamosi yote nilisoma. Sikusikia kitu. Yaani nilisikia, lakini vitu ambavyo akili yangu ilivipatia maelezo. Pipa la maji lilipiga chafya. Nikasema bati linajinyoosha kwa jua. Mama wa nambari nne alipita na sufuria kubwa ya ugali, akaisukuma chini ya michongoma upande wa pili, kwenye shamba la mahindi, akarudi bila chochote. Nikasema labda ana mbwa. Mama wa nambari tano naye akapeleka ugali. Nikasema labda ni mbwa mkubwa. Chuoni nilifundishwa kwamba maelezo mepesi ndiyo bora, na mbwa ni maelezo mepesi.

Jumapili mchana nikaanza barua ya kumringia baba. Nilikuwa nimefika kwenye maneno "utulivu wa hali ya juu" wakati mvua ya mawe ilipoanza.

Mvua ya mawe ya Nakuru haibishi hodi. Yalianguka mawe ya ukubwa wa maharagwe, bati likanguruma, na kule kwenye mahindi ukapanda mlio kama wa kundi la ndege wa ziwani waliotupiwa jiwe. Michongoma ikapasuka. Wakatoka watoto. Wakatoka wengine. Walipita chini ya ua, juu ya ua, mmoja alipita katikati akiacha kaptula kwenye miiba, wote wana tope mpaka masikioni, na kwa kuwa nambari tisa ndio mlango uliokuwa karibu, waliingia kwangu. Mmoja akapanda kitandani. Mmoja akajifuta uso na barua ya baba.

Mama wa nambari moja akaja mbio na gunia kichwani, akasimama mlangoni, akaona, akakata tamaa.

"Haya," akasema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Si umewaona? Andika tumalizane. Siku mbili watoto wanakula kama sungura huko shambani. Tumechoka!"

"Mama, mimi sielewi."

"Wewe si wa ofisi? Wa kuhesabu? Si ndio wanasema kila chumba watoto wawili, wakizidi mtu afukuzwe au awapeleke kwa ndugu zake mashambani? Kazi yako si hiyo?"

"Mimi ni mwalimu!"

"Mwalimu gani anahesabu nepi za watu?"

Wanawake wengine walikuwa wamefika, wamejaza mlango. Sikuwa na jibu ila la kweli, nikalitoa kwa sauti ndogo. "Nilikuwa natafuta mtaa usio na watoto."

Mawe ya mvua yakapiga bati. Halafu mama wa nambari nne akashika fremu ya mlango, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, na wa nambari tano akaketi kabisa kwenye maji.

"Ukatafuta," alisema mama wa nambari moja akijifuta macho, "ukazunguka Nakuru yote, na miwani, ukachagua hapa?"

"Kulikuwa na nukta mbili nyekundu," nikasema.

Ndipo nikajua habari ya mahindi yanayoungua. Mtu akionekana na daftari, yanaungua, na watoto wote, walioruhusiwa na waliozidi, hukimbilia shambani. Nilihesabu watoto wale kwa mara ya mwisho maishani mwangu: walikuwa kumi na watatu zaidi ya wale walioruhusiwa.

Ningehama, lakini wapi? Mwezi ulikuwa unaisha. Nikabaki, nikajifunza kusoma na pamba masikioni, na watoto wakajifunza kwamba nambari tisa hakuna peremende ila maswali. Walikuja kwa maswali. Sijui kwa nini. Labda nyumbani kwao majibu ndiyo yalikuwa mengi mno.

Baada ya wiki tatu mahindi ya kweli yakavunwa, shamba likabaki visiki, na Jumatano moja nimerudi kutoka shuleni nikasikia: "Mahindi yanaungua!"

Sasa hapakuwa na mahindi ya kujificha. Nilitoka nikamwona mkaguzi wa kweli anaegemeza baiskeli yake kwenye nambari moja, kijana mrefu wa kaptula ya kaki, soksi za magotini, daftari jeusi kama langu. Kabla sijageuka, chumba changu kilikuwa kimejaa wale kumi na watatu waliozidi.

Nikisema ukweli, mama hawa wangefukuzwa. Nikiongopa, ufunguo. Nilikuwa nimesoma mantiki miaka mitatu na haikunipa njia ya kati. Kwa hiyo nilichukua chaki, nikafunga mlango nusu, nikaandika kwenye ubao wa mlango: 2 x 1.

"Kaeni chini. Wa nyuma, mnyooke. Semeni!"

Walikuwa wanaimba "mbili mara tatu, nane" kwa nguvu zote mkaguzi alipochungulia.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Masomo ya ziada, bwana."

"Hawa wote wanakaa hapa?"

"Kwa sasa wamekaa, kama unavyoona. Kukaa darasani si kosa."

Akaingia. Akamnyooshea penseli mtoto wa nambari nne, aliyekuwa mapajani mwa dada yake ananyonya chaki. "Na huyu, yuko darasa gani?"

"La kwanza."

"Hana meno."

"Sheria ya elimu haisemi chochote juu ya meno. Kama kuna kifungu, nionyeshe."

Watoto wakaacha kuimba. Mkaguzi akapitisha macho taratibu, safu ya mbele, safu ya kati. Alipofika nyuma, ambako watoto wawili walikuwa wameinamisha vichwa mpaka paji la uso linagusa sakafu, macho yake yakakaa pale muda mrefu. Nikaona sanduku langu juu ya lori la mbao.

Akakohoa. Akafunga daftari lake bila kuandika.

"Endelea, mwalimu," akasema. "Lakini mbili mara tatu ni sita."

Akapanda baiskeli akaondoka, hata nambari mbili hakuingia. Wanawake walinibeba juu juu mpaka kwenye bomba na kunirudisha. Mwezi wa kujaribiwa uliisha salama, karani akanipigia muhuri, na mimi nikamwandikia baba kwamba nimepata mahali pa heshima. Niliishi nambari tisa miaka minne. Kwa miaka mingi zaidi nilisimulia kisa hicho kama ushahidi kwamba hoja nzuri humshinda hata mtu wa serikali: lile neno langu la meno, nilisema, ndilo lililommaliza.

Halafu, nikiwa na mvi, nilialikwa harusi ya mmoja wa wale watoto, nikamkuta mkaguzi ameketi meza ya mbele, upande wa wazazi. Wawili wale wa safu ya nyuma walikuwa wanawe. Alikuwa amewaficha kwa dada yake wa nambari tano, kwa sababu katika chumba chake mwenyewe watoto walikuwa wamezidi wawili.