Kijana wa Kumi na Tatu

Kilichomshika Mutuku mara ya kwanza hakikuwa rangi, lilikuwa goti. Kijana wa plastiki, urefu wa kidole cha shahada, amesimama juu ya ubao wenye magurudumu manne. Goti la mbele limekunjwa, la nyuma limelegezwa kidogo, mikono imetanda kama ya mtu anayevuka gogo mtoni. Mutuku alikuwa mchonga vinyago. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa ameketi chini ya banda la mabati la chama cha wachongaji mjini Malindi, akitoa twiga, tembo na Wamasai wenye mikuki, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kutoa goti kama lile. Akamnunua. Wiki iliyofuata akamkuta yule yule, goti lile lile, ila shati lilikuwa la bluu badala ya jekundu, na hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia.

Aliyewauza ni Nyevu, mama wa Kigiriama aliyemwaga midoli ya mitumba juu ya turubai karibu na soko. Kila Jumamosi alifungua robota jipya. Wengine walitaka magari na wanasesere wenye nywele. Mutuku alichutama pembeni akapekua mpaka magoti yakamuuma.

"Mkamba wangu," Nyevu alimwambia, "leo umekuja kuchagua watoto au kuzaa?"

Mara nyingine ndani ya lundo mlikuwa na kadi iliyochanika, ile ambayo kijana alibandikwa juu yake dukani, amefunikwa kwa ganda la plastiki. Hizo pia Mutuku alizichukua. Moja ilikuwa na mbingu ya bluu, nyingine ya machungwa, moja imeandikwa Kiitaliano, moja kwa maandishi ambayo hakuna mtu sokoni aliyeyatambua. Nyuma ya kila kadi palikuwa na picha ile ile: vijana kumi na wawili wamepangwa safu mbili kama darasa lililopigwa picha siku ya kufunga shule. Basi alijua idadi yao. Baada ya miaka minne alikuwa na kumi na mmoja na kadi sita, zote tupu. Aliyekosekana ni wa shati la kijani. Na hakuwa amepata kumwona kijana hata mmoja akiwa bado ndani ya ganda lake, hajaguswa. Mkewe Monicah aliwafuta vumbi kila Ijumaa, na alichouliza tu ni kama hao kumi na mmoja nao wanakula ugali.

Halafu akaja Pola.

Pola alitandika vitanda kwenye nyumba moja ya wageni kandokando ya bahari. Alikuwa mtu wa Jilore, kijiji kilicho bara ya mji, umri wa miaka thelathini na kitu, mpole, wa kusalimu watu mpaka wachoke. Yeye alikuwa na vijana saba tu, tena wengine wamepungua magurudumu. Lakini siku moja alikuja kwa Nyevu na kitu amekifunga kwenye leso safi. Mtoto wa mgeni alikisahau chini ya kitanda, wazazi wakasema kwa simu abaki nacho. Akaifungua leso. Wa kijani. Ndani ya ganda lake, juu ya kadi yake, hakuna pembe iliyokunjika.

Mutuku alimpongeza. Neno lilitoka mdomoni likiwa zima, lakini halikutoka moyoni. Miaka minne yeye alikuwa amechutama juani, na huyu alifagia tu chini ya kitanda. Alijaribu kubadilishana naye: twiga wawili wa mti wa mhuhu, kisha na tembo juu yake. Pola alikataa kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyomuuma zaidi. Tangu siku hiyo Mutuku aliisikia kila "shikamoo mzee" ya Pola kama anayemtikisia yule wa kijani usoni.

Wivu una akili yake, na ya Mutuku ilikuwa mikononi. Adhuhuri moja, wenzake walipokwenda kula, alimtoa mfukoni kijana mwekundu wa ziada. Akamsugua rangi yote kwa msasa. Kwa ncha ya kisu kidogo akaipunguza ncha ya pua, akaipanua kidogo, akazikata nywele karibu na kichwa. Kisha akafungua kopo la rangi ya viatu. Pale bandani wote walijua namna ya kugeuza mti mweupe kuwa mpingo mbele ya watalii. Lilikuwa jambo linalofanywa na lisilosemwa. Akampaka ya kahawia, akamwanika, akampaka nyeusi, akamsugua kwa kitambaa mpaka akang'aa, akamalizia na vanishi nyepesi. Shati alilipaka rangi ya udongo wa Jilore, na hilo alilifanya makusudi, kama chambo.

Shauri lake lilikuwa jepesi. Pola angemwokota kwenye lundo, angemnunua, angejigamba mbele ya watu kwamba amepata asiyemo hata kwenye picha. Naye Mutuku angetoa mfukoni kitambaa chenye mafuta ya taa, angemfuta kijana mara moja, na watu wangecheka mpaka Jumamosi nyingine.

Jumamosi alimchomeka katikati ya lundo Nyevu alipogeuka kumhudumia mtu. Akaenda kukaa kivulini kwa muuza kahawa. Pola akafika, akasalimia, akainama. Haukupita muda mkono wake ukasimama.

Hakujigamba. Alimweka kijana kwenye kiganja akamtazama tu, mpaka Nyevu akamuuliza kama ameumwa na nge.

"Mzee Mutuku, njoo utazame," alisema. "Huyu ni Nzai mtupu. Mdogo wangu. Hata kusimama ni kule kule."

Watu wakasogea. Muuza kahawa aliacha birika lake. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua gari la mtoto alisema huyo sasa ni mtu, wale wengine wote wana nyuso za maziwa. Kijana alipita kiganja hadi kiganja, na kila aliyempokea alimshika kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama kifaranga. Mutuku alikuwa na kitambaa mfukoni. Vidole vyake vilikuwa tayari vimelowa mafuta. Hakukitoa. Alimwona kijana akipita mbele yake katika mikono ya watu wengine, akaliona lile goti, akaiona pua aliyoichonga kwa chuki ikiwa imetoka kwa upendo asioujua, na moyo ukamgeuka. Alimtaka. Alimtaka kuliko alivyowahi kumtaka wa kijani.

Pola aliupindua ubao. "Tena ana nambari. Mia tatu kumi na nane. Ya kiwandani, nadhani."

Jasho likamtoka Mutuku. Pale chamani kila kinyago huandikwa chini nambari ya aliyekichonga, ili kikiuzwa ijulikane ni cha nani. Kisicho na nambari ni yatima. Mkono wake ulikuwa umeikwangua ya kwake bila kumwuliza, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake.

"Mkamba wangu," Nyevu akamwambia, "sisi tulio juani hatutoki jasho, wewe wa kivulini unatoka?"

Wiki zilizofuata alimfuata Pola kama mposaji. Aliahidi vijana watatu kwa yule mmoja mweusi. Akapanda hadi sita, Pola akakataa. Mwisho akaahidi wote kumi na mmoja na kadi zote sita, na Monicah aliyesikia habari hiyo akamtazama kwa macho mapya. Alijiambia ni kwa ajili ya ile nambari, asije akaaibika. Lakini hakuna aliyeiulizia. Kilichomnyima raha ni maneno ya Pola, aliyoyasema hivi hivi tu, kwamba kijana amemweka kando ya kitanda, karibu na taa. Vinyago vya Mutuku vilikuwa vimepanda ndege kwa maelfu, na hakuwahi kusikia hata kimoja kimewekwa wapi.

Ndipo asubuhi moja Pola akaja bandani na wageni wawili. Aliwaacha wakizungukia meza, akachukua twiga wa Mutuku, akampindua, akasoma, akamrudisha taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nilijua siku ile ile nilipofika nyumbani. Wageni nawaleta hapa kila mwezi. Nambari yako naijua kama ya simu yangu."

Mutuku aliendelea kupiga msasa mahali palipokwisha lainika. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungemdai kuwa wako."

Pola akatoa ile leso safi, akaiweka juu ya gogo. Alisema kazi ya mtu haichukuliwi bure, na yeye kwa huyu mweusi alimlipa Nyevu, hakumlipa mchongaji. Basi mzee achukue wa kijani, na hesabu yao iishie hapo.

Kwa hiyo Mutuku alikwenda nyumbani na alichokiota miaka minne, ndani ya ganda lake. Aliwapanga wote kumi na wawili dirishani, safu mbili, sawasawa na picha. Walikuwa kamili. Aliwatazama kama unavyotazama watoto wa jirani. Kesho yake akatafuta kijana mwingine wa ziada, akatoa msasa, kisu na kopo la rangi ya viatu. Alipata mdoli uliopakwa rangi ya viatu. Akajaribu mara ya pili, na ya tatu. Goti lilikuwapo, pua ilikuwapo, na hapakuwa na mtu.

Sasa kila Jumamosi hufika kwa Nyevu mapema, hakai kivulini. Pola akija, Mutuku humwomba ruhusa ya kumtazama yule mweusi kidogo tu. Pola humtoa mfukoni mwa shati, humfuta kwanza kwa upindo wa nguo yake, ndipo humkabidhi. Na Mutuku humshika kwa vidole viwili, akihesabu moyoni ni muda gani mtu anaweza kukaa na kitu cha mwenzake kabla hajaambiwa akirudishe.