Kiptanui na Ng'ombe wa Pande Mbili

Katika miaka ya themanini, karibu kila boma kule Saboti, kati ya mji wa Kitale na Mlima Elgon, lilimjua Kiptanui Naibei kwa mlio wa pikipiki yake. Kazini alihesabiwa msaidizi tu wa mifugo, lakini wakulima walimwita daktari, na hakuna aliyewakosoa. Alikuwa Msabaoti wa huko juu kwenye baridi, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa. Watu walishangaa jinsi mikono hiyo ilivyokuwa mipole ng'ombe alipozaa kwa shida.

Jirani zake walikuwa mchanganyiko: Wasabaoti, Wabukusu waliotoka Bungoma, na Wakikuyu wachache waliokuja kununua mashamba. Kiptanui hakuuliza mtu ni wa wapi. Aliuliza ng'ombe amekula nini na ameanza lini kukohoa. Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani kama mzee wa kanisa, na maombi yake yalikuwa mafupi kuliko ya wote.

Aprili ya themanini na sita, mvua ikinyesha tangu alfajiri, aliitwa kwa Nasimiyu, mjane wa Kibukusu. Ng'ombe wake wa gredi, wa mbegu ya kizungu, alikuwa ameshindwa kuzaa, ndama amekaa kinyume. Kiptanui alimtafuta mtu wa kumsaidia kuvuta kamba, akaja Chesang, Msabaoti wa shamba la pili. Walihangaika kwenye matope hadi saa sita. Ndama alipoanguka chini na kupiga chafya, Nasimiyu alipiga vigelegele, Chesang akacheka hadi akaketi chini. Ndama yule alikuwa mtamba, akaitwa Neema. Wakanywa uji pamoja jikoni, nguo zikiwachuruzika maji.

Miaka mitano baadaye mambo yaliharibika. Maneno ya siasa yalikuja kwanza, kisha makaratasi yasiyo na sahihi, ati fulani ahame arudi kwao. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na mbili nyumba zikaanza kuchomwa. Wabukusu walifukuzwa Saboti. Kwingine Wasabaoti nao wakachomewa nyumba kwa kisasi. Chesang alikufa kwa mshale njiani akitoka sokoni, na hakuna aliyejua ulitoka mkono gani. Nasimiyu alikimbilia Kiminini na watoto wake, akalala katika uwanja wa kanisa pamoja na mamia ya wengine. Ng'ombe wake wanne walichukuliwa na vijana wa Kisabaoti waliokuwa wakijificha msituni.

Kiptanui alikwenda Kiminini juma lile lile. Mkewe, Sally, alimshika mkono mlangoni.

"Watakuua, baba watoto. Kwao wewe ni Msabaoti tu sasa."

"Huenda," alisema. "Lakini nikikaa hapa, nitakuwa Msabaoti tu kweli."

Uwanjani watu waliinuka walipomwona. Kaka yake Nasimiyu, aliyeitwa Barasa, alikuwa amefika kutoka Malakisi na vijana kadhaa, na si kwa ajili ya kusalimia. Alisimama uso kwa uso na Kiptanui.

"Ndugu zako wametuchoma. Umekuja kuangalia kama bado tunapumua?"

"Wamewachoma, ni kweli," Kiptanui alijibu. "Nimekuja kusema pole, na sina la kujitetea. Nimebeba dawa pia. Naona mna ng'ombe pale nyuma, na wale wawili ni wagonjwa."

Mtu aliyekuja kugombana, Barasa angejua cha kumfanyia. Huyu alikunja mikono ya shati, akachota maji, akaanza kazi. Alipomaliza alipiga magoti kando ya Nasimiyu, wakaomba, na jina la Chesang likatajwa katika maombi yale. Nasimiyu ndiye aliyelitaja.

Siku tatu baadaye vijana wa msituni wenyewe walimtumia ujumbe. Ng'ombe waliowachukua hawakuwa wameogeshwa dawa kwa majuma mengi, na ugonjwa wa kupe ulikuwa unawamaliza. Kiongozi wao alikuwa Kipkoech, mwana wa Chesang, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyebatizwa kanisani mwa Kiptanui.

Hapo Kiptanui alisita. Kutibu mali ya wizi ni kumsaidia mwizi. Kuacha ni kuua wanyama wasio na kosa, na kuufunga mlango pekee wa kusema na vijana wale uliobaki wazi. Aliomba asubuhi nzima huku akisafisha sindano. Kisha akapanda mlima.

Aliwakuta ng'ombe zaidi ya sitini katika uwazi kati ya miti, wengine tezi zimevimba chini ya masikio. Vijana walisimama na pinde zao. Kiptanui alimshika wa kwanza, akamdunga, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu ni wa Waithaka, karibu na josho. Ana maziwa mengi lakini anapiga teke." Akamshika wa pili. "Huyu ni wa mwalimu Wanyama. Mguu huu niliutibu mimi."

"Mzee, sisi hatujakuita kutaja majina," Kipkoech alisema.

"Mimi siwezi kutibu ng'ombe bila kumjua mwenyewe. Ndivyo nilivyofanya kazi siku zote."

Aliendelea, ng'ombe kwa ng'ombe, jina kwa jina. Kijana mmoja alianza kumtukana. Mwingine akamwambia anyamaze, maana alikuwa ametambua ng'ombe wa mama aliyemlea alipokuwa yatima. Kiptanui alipofika kwa ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe, alisimama.

"Na huyu ni Neema wa mama Nasimiyu. Kipkoech, baba yako alimvuta kutoka tumboni. Mimi nilishika miguu, yeye alishika kamba. Alicheka siku hiyo mpaka akakaa kwenye matope."

Kipkoech aligeuza uso. "Wamemuua baba yangu."

"Najua. Nilimzika. Na juzi kule Kiminini, mama Nasimiyu amelala chini kwenye gunia, ametaja jina la baba yako mbele za Mungu, akalia. Nimeona kwa macho yangu."

Kipkoech alichuchumaa, akaushika upinde wake kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta pa kuuweka.

"Unataka nini, mzee?"

"Nataka ng'ombe wa wajane kwanza. Ni kumi na mmoja. Na siwezi kuwaswaga peke yangu."

Kesho yake waliwaswaga wale kumi na mmoja kutwa nzima, Kipkoech mbele na Kiptanui nyuma, hadi Kiminini. Barasa na vijana wake waliinuka na marungu. Kiptanui alifungua kinywa, lakini Nasimiyu alimtangulia. Alipita katikati yao, akasimama kifua kwa kifua na kaka yake.

"Si huyu," alisema. "Huyu ni mtoto wa Chesang. Ukimgusa, usiniite dada tena."

Barasa aliangusha rungu. Hakumsalimia Kipkoech siku hiyo, lakini alimpa maji ya kunywa.

Si ng'ombe wote waliorudishwa. Kati ya ng'ombe wale sitini na zaidi, thelathini na wanane walirudi kwa wenyewe kabla ya mwaka kwisha. Wengine walikuwa wamekwisha kuliwa au kuuzwa mbali. Pikipiki ya Kiptanui ilichomwa na watu waliomwita msaliti, naye akazunguka kwa miguu miaka miwili. Kanisani, familia tatu za kwao zilihamia kanisa lingine ili zisikae karibu naye.

Nasimiyu alirudi shambani mwaka wa tisini na nne. Kipkoech na wenzake wanne walimjengea nyumba, na Barasa akaleta mabati kutoka Bungoma. Josho la kuogeshea ng'ombe dawa, lililofungwa wakati wa vurugu, lilifunguliwa tena kwa kamati ya watu wa pande zote, mjane yule akiwa mwenyekiti. Uchaguzi wa tisini na saba ulipokaribia, makaratasi ya kuwaamuru watu wahame yalirudi tena. Safari hii Kipkoech aliyakusanya njiani asubuhi na mapema, akampelekea Kiptanui, nao wakayatumia kuwashia moto wa kuchemshia sindano.